Hana Usikivu

Daftari langu la saikolojia lilikuwa na jalada la kijani, na mpaka leo ninalo. Panya wa nyumba tatu tofauti wamelila pembe, lakini maandishi yanasomeka. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa wino mwekundu: Usikivu ndio mlango wa kujifunza. Chini yake nikapiga mistari miwili kwa rula. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa mwenye duka wa Iringa mjini, na nilidhani nikishakipigia kitu mistari miwili basi nimekijua.

Hii ni habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima, katika kijiji kimoja cha Usangu, bondeni chini ya Chimala, katikati ya miaka ya sabini. Nitaisimulia ilivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Nimeshastaafu, sina cheo cha kulinda.

Kwanza niseme nilikotoka, ili ujue kiburi changu kilikuwa kinalishwa na nini. Babu yangu alikuja bara kutoka pwani na biashara ya nguo, akafika Iringa, akaoa, akabaki. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tu, na shuleni niliwacheka wenzangu ambao Kihehe kilikuwa kinawavuta ulimi. Nina mdomo, sikatai. Mama alikuwa akisema mdomo huu utanifikisha mahali, na kweli ulinifikisha Usangu, maana mwaka wa mwisho chuoni nilimjibu mkuu wa chuo vibaya mbele ya watu, na wenzangu walipopangiwa shule za mjini mimi nikapangiwa bondeni.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Iringa, mahali pa baridi kali mwezi wa sita. Mkufunzi wetu wa saikolojia ya elimu alikuwa bwana mwembamba mwenye koti moja la sufi alilolivaa mvua na jua. Alitufundisha kwamba mtu hajifunzi kwa sababu mwalimu amesema. Hujifunza akiwa tayari, akili yake ikiwa imetulia kwenye jambo, akianza na analolijua kwenda asilolijua, akirudia, na akipata kitu cha kumtia moyo anapofaulu. Mtoto akilazimishwa kabla hajawa tayari hukariri tu. Mtu mzima, alisema, ni mgumu zaidi, kwa sababu anakuja darasani na maisha yake yote mgongoni, na mwalimu asipoyajua hayo maisha atafundisha mgongo. Haya yote niliyaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mkia wa herufi y niliukunja mara mbili kwenda kushoto, tabia niliyoitoa kwa ustadhi wangu wa Kurani ambako nilijifunza kuandika Kiarabu kabla ya herufi za shule.

Siku moja mkufunzi huyo aliingia darasani, hakutusalimu. Akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa akitazama nje kipindi kizima, tumemkodolea macho. Kengele ilipokaribia akageuka akatuambia tuandike tulichokiona. Mmoja akaandika kwamba mkufunzi amekasirika. Mwingine, mkufunzi anaumwa. Mimi niliandika kwamba mkufunzi amepata habari ya msiba. Akakusanya karatasi, akazisoma kimya, akazirudisha zote bila alama.

"Nimekaa, nimetazama dirisha," alisema. "Hicho ndicho mlichokiona. Mengine mmeyatunga ninyi."

Niliona amenidhulumu. Nilitoka nikimsema vibaya mpaka bwalo la chakula. Lakini kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu niliyaandika maneno yake daftarini: Andika ulichokiona, usiandike ulichokitunga. Hayo sikuyapigia mstari.

Nilishuka kutoka kwenye basi Chimala na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba, nikapanda tela la trekta lililokuwa linashuka bondeni kuchukua mpunga. Kijiji kilikuwa kipya. Operesheni ya vijiji ilikuwa imepita mwaka uliotangulia, watu wamekusanywa kutoka kila upande na nyumba zimejengwa kwa mistari iliyonyooka. Walikuwapo Wasangu wenyeji, Wanyakyusa walioteremka kutoka milimani kutafuta ardhi ya mpunga, na wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, ambao walikuwa wanashangaa mistari hiyo kuliko wote.

Asubuhi nilifundisha watoto wa darasa la kwanza. Saa tisa alasiri, watu wakishatoka mashambani, chumba kile kile kiligeuka darasa la kisomo. Kilikuwa na kuta za udongo, madawati ya mbao ambazo hazijapigwa randa, dirisha moja nyuma lisilo na mlango, na ubao tulioupaka masizi ya mkaa yaliyosagwa. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amehamishwa, akaniachia daftari la mahudhurio na boksi la chaki lililojaa vipande.

Nilianza vizuri, tena vizuri sana, na hilo lilinipumbaza. Kulikuwa na mfugaji mmoja ambaye herufi zilikuwa zinamshinda kabisa. Nikakumbuka: anza na analolijua. Nikachora pembe za ng'ombe ubaoni nikamwambia hii ndiyo u. Akaitazama muda mrefu akasema, "Mwalimu, ng'ombe wa pembe hizo kwangu hayupo, lakini jirani yangu anaye." Darasa zima likacheka, naye hakuisahau u tena mpaka nilipoondoka. Usiku ule niliandika barua nyumbani kwamba saikolojia inafanya kazi.

Mwanafunzi wangu wa pili wa kujivunia alikuwa mzee mmoja wa Kinyakyusa, mrefu, mwenye fimbo, aliyekaa benchi la mbele kabisa, karibu na ubao kiasi kwamba chaki ilimwangukia magotini. Hakukosa hata siku moja. Hakugeuza shingo hata siku moja. Aliingia njiwa darasani akazunguka juu ya vichwa vyetu, watu wote wakamfuata kwa macho, mzee akaendelea kutazama ubao. Nilimfanya mfano. "Mtazameni mzee," nilikuwa nikiwaambia. "Huo ndio usikivu."

Halafu kulikuwa na yule mwanamke.

Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini darasani hakuingia. Alikuwa anakuja kila siku, saa tisa kamili, akizunguka nyuma ya jengo, akakaa chini nje ya dirisha, mgongo ukutani, kanga kichwani imevutwa mpaka machoni. Nilichokiona kutoka mbele kilikuwa utosi wa kanga tu. Nikiuliza swali kwa wote, yeye kimya. Nikimwita jina, utosi unashuka, unapotea chini ya dirisha. Mara moja nilitoka nje nikazunguka kumfuata. Nikamkuta amejikunyata anakwangua ardhi kwa kijiti.

"Mama, ingia ndani," nikamwambia. "Kujifunza si kuota jua."

"Asante mwalimu," akajibu kwa sauti ya chini, na hakuinuka.

Nilimrudia kwa upole, nikamrudia kwa ukali, nikamwambia mbele ya wanawake wenzake kwamba nje hakuna ubao. Wanawake wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, kisha akaufunga. Ninyi mliozaliwa Tukuyu mnaosoma hapa mmeshajua kitambo, najua, na mnanicheka. Chekeni. Mimi nilikuwa sijui, na watu wa pale walikuwa wameshajifunza jambo moja kunihusu: kwamba mwalimu huyu ukimwambia kitu anakujibu kabla hujamaliza.

Wakati huo huo kulikuwa na udhia mwingine. Nilikuwa na desturi ya kuacha somo la kisomo ubaoni mpaka asubuhi. Asubuhi nikiingia nakuta herufi zangu zimepitiwa juu kwa chaki nyingine, zimenenepa, mkia wa y umefuatwa mpaka mwisho, na chini ya ubao kuna vumbi jeupe. Nikajua ni watoto wa darasa la kwanza wanaowahi kuja kuchezea ubao. Niliwauliza, wakakataa. Niliwachapa viboko viwili viwili kwa kusema uongo, darasa zima, na wiki iliyofuata nikawachapa tena. Mikono yao ilikuwa midogo. Hilo linaniuma mpaka leo, na nimeliandika hapa ili nisijifanye sikumbuki.

Baada ya mavuno likaja tangazo kutoka Mbeya. Kila kijiji chenye shule kilitakiwa kupeleka mwanamke mmoja kwenye mafunzo ya miezi mitatu mjini Mbeya, arudi kuendesha chekechea ya kijiji. Jengo lilikuwa limeshaanza kujengwa kwa matofali upande wa pili wa kijiji, mbali na shule, mwisho kabisa wa mistari ya nyumba. Sharti lilikuwa moja: awe anajua kusoma na kuandika, na mwalimu wa kisomo athibitishe. Walijitokeza wawili. Mmoja alikuwa mama wa Kisangu, mcheshi, msomaji wa wastani. Wa pili alikuwa huyo wa dirishani.

Alinifuata mtoni nilipokuwa nafua. Akachuchumaa pembeni, akanisalimu, kisha akasema:

"Mwalimu, naomba niende mimi Mbeya."

"Kule wanataka anayesoma."

"Nasoma, mwalimu."

"Unasomea wapi? Mimi sijawahi kukusikia hata a."

Alitazama maji. Alikuwa rika langu, labda amenizidi mwaka, mikono imechakaa kwa mpunga. "Naomba nisome hapa hapa," akasema. "Niandikie chochote hapa mchangani, nitasoma. Ile nafasi naihitaji sana, mwalimu. Sijawahi kuomba kitu."

Nilikuwa na povu mpaka viwikoni. Ningeweza kuchukua kijiti nikaandika neno moja. Ingenichukua muda wa kusuuza soksi. Lakini daftari la kijani lilisema mtihani uwe sawa kwa wote, mahali pamoja, masharti yale yale, na mimi nilikuwa nimeshamkasirikia kwa miezi mingi.

"Mtihani haufanyiki mtoni," nikamwambia. "Jumatatu nitawapima wote wawili. Uje mbele, usome ubaoni, darasa likusikie. Basi."

"Mbele?"

"Mbele."

Akainuka, akashika njia. Sikuona ajabu kwamba hakupita njia kuu ya kijijini, alikata kushoto akapita kwenye majaruba ya mpunga, njia ndefu yenye matope.

Jumatatu mama wa Kisangu alisimama akasoma sentensi tano, akakwama mara tatu, tukampigia makofi. Nikaita jina la pili. Mzee yuko benchi lake la mbele, fimbo katikati ya magoti, macho ubaoni. Nikaita tena. Utosi wa kanga ukainuka dirishani, nikaona macho yake kwa mara ya kwanza kutoka pale mbele, yananitazama mimi, yananiomba kitu. Nikaita mara ya tatu. Akashuka. Tukasikia nyayo zake zinaondoka.

Jioni ile niliandika ripoti kwa mratibu wa elimu wa kata, pale Chimala. Sikuhitaji kufikiri, maneno yalikuwa tayari daftarini. Huyu hana usikivu. Hukaa nje ya darasa kwa hiari yake na hashiriki. Hajafikia utayari wa kujifunza. Hajui kusoma wala kuandika. Asipelekwe. Nikatia sahihi, nikaona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Sasa nisikilize hapa. Kesho yake nilihitaji mtu wa kuipeleka Chimala. Sikuwa na bahasha, karatasi niliikunja mara mbili tu. Wanawake watatu walikuwa wanakwenda kukoboa mpunga mashineni, na yule mwanamke alikuwa mmoja wao. Wale wengine wawili walikuwa wanafunzi wangu, wanajua kusoma kidogo. Nikampa yeye. Nilimchagua kwa makusudi, kwa sababu ndiye asiyeweza kuisoma. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Alirudi alasiri, jua bado lipo. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni pangu. Akatua mzigo, akachuchumaa, akaniamkia.

"Karatasi nimeifikisha. Nimempa mwenyewe mkononi."

"Ahsante sana, mama."

Hakuondoka. Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Mwalimu, utayari ni kitu gani?"

Nikajibu kama mwalimu, bila kuinua kichwa: utayari ni hali ya kuwa tayari, mtu kuwa amefikia wakati wa jambo. Halafu mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

"Neno hilo umelisikia wapi?"

"Kwenye ile karatasi. Usikivu nalijua, ulilisema sana darasani. Hilo la utayari ndilo sikuwahi kuliona ubaoni."

"Alikusomea nani?"

"Njiani nani wa kunisomea, mwalimu?" Na akaanza, taratibu, macho chini: Huyu hana usikivu. Hukaa nje ya darasa kwa hiari yake. Akaenda mpaka mwisho, mpaka asipelekwe, hakuruka hata neno moja. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananionyesha somo lake, kama alivyotaka kunionyesha mtoni.

Niliingia ndani nikatoka na kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia sukari, nikampa. Akasoma habari ya bei ya pareto upande mmoja, akageuza, akasoma tangazo la mashine za kushonea. Alisoma kuliko mama wa Kisangu. Alisoma kuliko darasa langu lote.

"Sasa kwa nini huingii?" Nilidhani nina hasira, kumbe ni aibu. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

Akanitazama, na machoni mwake niliona huruma. "Pale mbele anakaa baba mkwe wangu," akasema. "Nilijua unajua. Kila mtu anajua."

Basi ndiyo ikawa siku ya kufundishwa mimi. Kwao Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasimami mahali atakapoonwa naye, hapazi sauti anapoweza kusikiwa naye, na akimwona anakuja njiani anaingia porini mpaka apite. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na mzee naye anaishika upande wake. Huko kwao milimani ilikuwa rahisi, maana tangu zamani wazazi walikaa kijiji chao na vijana waliooa wakakaa chao. Operesheni ikaja na kamba ya kupimia, ikaweka nyumba ya mzee ya nne kutoka kwake, mstari mmoja. Tangu hapo alikuwa anaishi kwa kuchungulia. Maji anachota kwa kuzunguka majaruba. Uani anatoka akishasikiliza kikohozi cha mzee kiko wapi.

"Chekechea inajengwa kule mwisho," akasema. "Wazee hawafiki kule. Nilitaka mahali pa kukaa kutwa nzima bila kujificha. Hilo tu."

Nikamuuliza alijifunzaje. Akaona ni swali jepesi. Alikuwa anasikiliza chini ya dirisha somo zima, anayashika maneno yote kwa mpangilio wake, anayachora ardhini kwa kijiti anavyoyakisia. Watu wakishatawanyika na mzee akishafika kwake, anaingia, anaokota vipande vya chaki sakafuni, anapita juu ya kila herufi huku akilisema neno lake. Aliweka sauti kwanza, kisha akaitafutia sura. Daftari langu la kijani lilikuwa limepanga kinyume chake.

Na mimi huyu, ewe msomaji, Kurani nilijifunzaje? Ustadhi alikaa barazani na wavulana. Sisi wasichana tulikaa ukumbini, pazia la mlango limeshushwa. Juzuu nzima niliihifadhi nikiwa nimetazama kitambaa chenye maua. Hakuna aliyeniambia sina usikivu. Nilikuwa na jibu kifuani tangu nina miaka saba, nikasimama nalo mbele ya dirisha lile kila siku.

"Nisamehe, dada," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Andika basi nyingine," akajibu.

Nilichukua karatasi, nikaanza kuandika palepale gotini, naye akasogea akasimama juu ya bega langu akisoma kila neno linavyotoka. Nilipoandika kwamba uwezo wake wa kusoma ni wa kuridhisha, kidole chake kikashuka kwenye karatasi.

"Futa hapo," akasema. "Mimi nasoma vizuri."

Nikafuta, nikaandika vizuri sana. Ilitutosha kucheka kidogo.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanikera. Aliisoma ile ya kwanza njiani, akajua inamharibia. Kwa nini hakuitupa mtoni? Nani angejua?

"Ulinituma," akasema.

Kesho yake aliipeleka mwenyewe hiyo ya pili, alitoka alfajiri akafika Chimala ofisi inafunguliwa. Mratibu akaisoma, akamwambia orodha ya kata ilishapakiwa kwenye basi la jana jioni kwenda Mbeya. Akaiweka ripoti mpya kwenye faili, na ile ya kwanza, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, akamrudishia. Mimi nilipanda hadi Mbeya wiki ile ile, nikasimama mbele ya meza mbili na kutumia mdomo wangu wote. Mdomo ule, uliojua kujibu wakubwa, haukusaidia kitu. Nafasi ilikuwa moja, jina lilishaandikwa. Mama wa Kisangu alikwenda, akarudi na cheti, akaendesha chekechea vizuri, na sina neno naye.

Nilikwenda pia kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia mtu pale kijijini.

"Mwanangu," akasema, "nilikaa mbele ili macho yangu yasifike nyuma. Shingo ilikuwa inaniuma. Nilikuwa nangoja utugawe, nikadhani una sababu zako za kisomi."

Nikaligawa darasa: siku tatu kundi moja, siku mbili kundi la pili. Mzee mwenyewe aliomba achukue zile mbili. Alisema mtoto wake, akimaanisha yule mwanamke, ana miaka mingi zaidi ya kusoma. Hakufika mbali kwenye herufi, macho yalimshinda. Mwanamke alianza kuingia darasani, akakaa benchi lile la mbele, na sauti yake nilipoisikia kwa mara ya kwanza ikisoma kwa nguvu ilinishangaza, ilikuwa nene. Lakini somo likiisha alirudi kwa njia ya majaruba, na hilo mimi sikuweza kulibadilisha.

Watoto wa darasa la kwanza niliwaomba radhi. Hawakuelewa. Waliniamkia tu.

Nilikaa miaka miwili zaidi, kisha nikahamishiwa Iringa, baadaye chuoni kwetu kufundisha somo lile lile la saikolojia. Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga trekta likiwa linaunguruma. Akafungua pindo la kanga, akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Hii yako, mwalimu."

Niliijua kwa mikunjo. Niliifungua tulipofika barabarani Chimala, nikisubiri basi, nimekalia sanduku langu.

Kila mwaka, walimu wanafunzi wapya wakifika kwenye somo la usikivu, niliitoa ndani ya daftari la kijani nikawapa waizungushe. Wanaisoma, wanafika mwisho, wanainua vichwa. Karibu kila mwaka kuna mmoja anayeuliza kwa nini mwalimu nimeandika ripoti, kisha chini ya sahihi yangu nikaongeza tena maneno mengine. Maana mwandiko ni mmoja, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkia wa y umekunjwa mara mbili kwenda kushoto.

Nawaambia hayo ya chini sikuandika mimi. Yanasema: Nimeisoma mwenyewe.